Trei ya oveni ya chuma cha pua: ipi haipindi wala haipati kutu?

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Naomba ushauri wa wale wanaotumia oveni sana. Trei zangu zote mbili zimefika mwisho. Moja mpako wake mweusi umebanduka, nyingine hupinda kila ikipata moto, mafuta yote yakakimbilia kona moja. Sasa nataka moja ya chuma cha pua, inifae kwa kuku mzima, viazi na hata keki, nihame nayo nyumba hadi nyumba. Tatizo ni kwamba dukani zote zinang'aa vilevile ila bei zimepishana mno. Ninyi mnaangalia nini?

---

Jibu:

Dada, angalia unene kwanza. Ishike pande mbili, bonyeza katikati kwa vidole gumba. Ikibonyea, irudishe rafuni. Halafu nenda na sumaku: ikinasa, ujue hicho si chuma cha pua halisi.

---

Jibu:

Salaam wote. Kaka amesema kweli kuhusu unene, lakini hilo la sumaku naomba nilisahihishe, maana linawakosesha watu trei nzuri na kuwauzia mbovu.

Chuma huitwa cha pua kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hiyo ikikutana na hewa hutengeneza utando mwembamba usioonekana, na utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa hujirudishia wenyewe. Ile alama ya 18/8 au 18/10 maana yake ni kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 au 10. Kundi hili kwa kawaida halishiki sumaku, ingawa kwenye kona zilizokunjwa kwa nguvu kiwandani inaweza kuvuta kidogo. 18/0 haina nikeli, inashika sumaku barabara, na bado ni chuma cha pua halali kabisa. Udhaifu wake ni kwamba haivumilii chumvi kama wenzake. Kisha kuna aina inayoitwa 201, ambayo sehemu kubwa ya nikeli imebadilishwa kwa manganizi ili kupunguza gharama. Hii nayo kwa kawaida haishiki sumaku, kwa hiyo itafaulu mtihani wako huku ikipata kutu mapema kuliko 304, ambalo ndilo jina la kiwandani la 18/8. Soma maandishi. Trei isiyotaja aina ya chuma chake popote, mimi siinunui.

Sasa kupinda. Chuma cha pua hupitisha joto polepole sana. Alumini humshinda zaidi ya mara kumi. Ukiweka nyama baridi katikati ya trei nyembamba, pale chini ya nyama panabaki baridi wakati pembeni pameshachemka na kutanuka. Upande mmoja unatanuka, mwingine umegoma, ndipo unasikia ule mlio wa "pwaa!" ndani ya oveni. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni bati nene: kwa chuma kitupu tafuta milimita 1 au zaidi. Baadhi ya watengenezaji huandika geji, na hapo mambo ni kinyume, namba ikipungua unene unaongezeka. Geji 18 ni kama milimita 1.2, geji 22 haifiki hata 0.8.

Dawa ya pili ni trei ya tabaka tatu, yaani alumini iliyobanwa katikati ya chuma cha pua. Uliza kama hiyo alumini inapanda hadi kwenye kuta au imewekwa kitakoni tu. Nyingine zinajionyesha zenyewe: ukitazama ukingo kwa karibu, utaona mstari wa kijivu kati ya mistari miwili inayong'aa. Trei ya namna hiyo ioshe kwa mkono, kwa sababu sabuni kali ya mashine ya kuoshea vyombo hula ule mstari wa alumini, ukingo ukabaki na makali ya kukata vidole.

Ukingo uliokunjwa huipa trei nguvu, ila kagua kwenye kona. Kama mkunjo umeacha upenyo, maji yenye chumvi yataingia humo na hayatakauka, na kutu itaanzia hapo. Vishikio nipe vya ribiti, yaani vilivyopigiliwa kwa pini za chuma, kuliko vilivyoshikizwa kwa nukta mbili za kuchomelea. Vaa glavu ya jikoni hapohapo dukani uone kama vidole vinapita, kwa sababu trei yenye kuku na mafuta ya moto haitaki mshiko wa kubahatisha.

Kimo cha sentimita 5 hadi 7 kinatosha. Kuta ndefu hufungia mvuke, ngozi ya kuku ikalainika badala ya kukauka.

Keki, dada yangu, itafutie trei yake ya alumini. Chuma cha pua kitupu kinachelewa kushika joto na hakilisambazi sawasawa. Trei moja ya kufanya yote mawili utaijutia upande mmoja.

---

Jibu:

Asante sana mwalimu. Mimi si mwenye swali la kwanza; trei yangu ni nene na nimekaa nayo miaka, lakini imeota rangi za bluu na dhahabu, na chini kuna vitundu vidogo kama vya sindano. Imeharibika?

---

Jibu:

Rangi ni joto tu lililonenepesha ule utando. Pangusa na siki, suuza, zitaondoka. Vitundu ni kazi ya chumvi na havirudi nyuma, ila trei bado inatumika. Usilaze humo nyama iliyokolezwa chumvi na limau usiku kucha, usiisafishe kwa dawa ya kung'arishia nguo, na usitumie waya wa kawaida wa kusugulia, maana vipande vyake hubaki juu ya chuma na kushika kutu. Mafuta yaliyogandia yachemshie maji na magadi ya kuokea humohumo, kisha ukwangue kwa mwiko wa mbao.

---

Jibu:

Nawashukuru nyote. Nimepima oveni ndani, hadi pale mlango unapofikia ukifungwa, nikaacha sentimita 3 kila upande hewa izunguke. Ile niliyokuwa nimeipenda ingegusa ukuta kwa vishikio vyake. Nachukua ndogo yake, ya tabaka tatu, na ya alumini kwa ajili ya keki.