Nanasi kwenye hot dog linalowesha mkate, nakosea wapi?

mama_wawili: Wakuu habari za jioni. Jumapili mwanangu ana bethdei, watakuja watoto wa jirani kama kumi na mbili hivi, nikasema mwaka huu sihangaiki na pilau nafanya hot dog tu. Sasa wiki iliyopita nilijaribu, niliona mtandaoni watu wanaweka nanasi juu, nikakatakata nanasi nikachanganya na tomato sosi na mayonezi, jamani mkate ulilowa hadi ukakatikia mkononi mwa mtoto, soseji hiyo pwaa kwenye zulia. Na soseji zenyewe zilipasuka sufuriani zikachanua kama maua. Mume wangu kala moja akaniuliza hiki chakula au saladi ya matunda?? Nataka utamu na chumvi vikutane lakini isiwe majimaji

kikaango: Pole sana dada, hiyo ya zulia nimecheka samahani 😂. Soseji zinapasuka kwa sababu unazichemsha kwa fujo. Nyingi za pakiti zimeshaivishwa kiwandani, wewe unazipasha tu. Maji yakianza vipovu vidogo pembeni shusha moto, tumbukiza, dakika tano sita toa, zifute maji, zigeuzegeuze kwenye kikaango chenye mafuta kidogo zishike rangi. Ila kama ni mbichi za buchani hizo hakikisha zimeiva mpaka ndani. Na mkate upake siagi upande wa ndani uuchome kwenye kikaango hicho hicho, ukishakuwa na ganda haunywi sosi ovyo

mlaji_mstaafu: Hilo la nanasi ni mambo ya Wakolombia, ila wenzetu hawaweki mabichi kama ulivyofanya, wanalipika na sukari linakuwa sosi nzito, na juu wanavurugia krispi za viazi. Bichi lina maji na linakwangua ulimi. Mimi nafanya hivi: nusu nanasi nalikwaruza, sukari vijiko viwili vya chakula (kama ni tamu sana kimoja kinatosha), limao nusu, chumvi kidogo, karafuu mbili, pilipili mbuzi moja nzima na kikonyo chake, ole wako ipasuke na watoto wapo. Moto mdogo. Ukipitisha mwiko katikati ya sufuria na ile njia ikabaki wazi ukahesabu moja mbili tatu kabla haijajifunga, epua. Toa karafuu na pilipili, acha ipoe kabisa, ya moto inalainisha mkate vilevile

smokie_pasua: Huku Nairobi sisi tulishamaliza hii kesi kitambo 😄 unapasua smokie (soseji ya moshi) katikati kachumbari inaingia ndani ya nyama, mkate hata hauhitajiki. Fanya hivyo na soseji zako, zichane kwa urefu zisiachane, kaanga upande wa ndani kwanza, halafu sosi ya nanasi ikae kwa huo mfereji. Na kachumbari tia chumvi uiache kidogo kisha ukamue, usiweke na maji yake

kikaango: @smokie_pasua mfereji nimeuiba hiyo

bwana_haradali: Tomato sosi ya nini tena kama kuna nanasi? Utamu juu ya utamu. Chicago kuna watu ukiweka ketchup kwenye hot dog wanakuangalia kama umetukana, wao ni haradali, vitunguu, nyanya, achari ya matango, pilipili, na tamu yao ni kachumbari ya matango yenye sukari, kijani inawaka kama rangi ya nyumba. Weka haradali dada, ule ukali ndio unaoshika nanasi

mama_wawili: Mrejesho. Nimechana mfereji, nimepika nanasi kama alivyosema mstaafu, mstari mwembamba wa haradali kwa wakubwa tu, watoto wameikataa. Krispi sikuziona, walizimaliza kabla sijakata mikate, nikamwagia vitunguu nilivyokaanga vikawa brauni, mbona ndo vimenoga. Baba watoto kala tatu, ya nne kaificha kwenye hotpoti anadhani sijaona

mlaji_mstaafu: Hongera! Iliyobaki ya nanasi weka kwenye chupa kavu ndani ya friji, kesho jaribu na chapati