Wameorodhesha vitu vya ndani, Jumatatu wanarudi na kirikuu. Nifanyeje?

Fundi wa Kihonda

Habari zenu wapendwa. Naandika nikiwa nimekaa gizani, taa nimezima makusudi, si kwamba umeme umekatika.

Nipo Morogoro, Kihonda. Nashona nyumbani, sare za shule na madera. Mwishoni mwa mwezi wa sita nilichukua mkopo wa 800,000, hii ya wiki wiki, nikalipa kodi ya miezi sita na kumnunulia binti vifaa vya bweni. Rejesho ni 50,000 kila Alhamisi kwa wiki 20. Wiki 11 nimelipa bila kukosa hata moja. Ya 12 mume wangu akapinduka na bajaji pale Msamvu, mguu ukavunjika sehemu mbili. Bajaji yenyewe ni ya tajiri. Tangu hapo ninayoshona yote inaishia hospitali na mboga.

Leo Ijumaa saa kumi na moja jioni kaja afisa mikopo na vijana wawili, mmoja kavaa jaketi jeusi kwenye joto hili, wanamwita dalali. Wameingia mpaka chumbani. Wameandika TV inchi 32, friji, makochi, jiko la gesi na cherehani. Wamesema deni ni 570,000, yaani 450,000 iliyobaki na faini ya 5,000 kwa siku kwa siku 24. Jumatatu wanakuja na kirikuu kupakia. Wameniachia karatasi yenye muhuri wa ofisi yao.

Majirani wote walikuwa nje ghafla, kila mtu anafagia. Mdogo wangu wa mwisho kajificha chini ya meza ya kukatia vitambaa, hajatoka mpaka walipoondoka.

Ni kweli siku nachukua hela nilisaini fomu ya dhamana yenye vitu hivyo hivyo. Naomba kujua, wana haki ya kubeba? Na nikihamishia vitu kwa dada yangu Mjini usiku huu nitakuwa nimekosea? Mume yupo kwao Kilosa anauguzwa, mkopo huu haujui.

Mtoto wa Barabara ya 12

Mlipokuwa mnapokea hela mlichekelea, sasa mnalia. Dawa ya deni kulipa.

Fundi wa Kihonda

Asante kaka. Nimeilipa hiyo dawa wiki 11, ndiyo maana naijua bei yake.

Karani Mstaafu

Mwanangu, washa taa, ule, ulale. Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, hizi karatasi nazifahamu.

Tenganisha watu wawili. Dalali wa mahakama ni mtu aliyeteuliwa, ana kibali chake, na hatoki ofisini mpaka mdai awe amefungua kesi, ameshinda, kisha ameomba kukazia hukumu, yaani itekelezwe, na hakimu akatoa amri ya kukamata mali. Amri hiyo ina namba ya shauri, jina la mahakama na muhuri wa mahakama. Wewe umewahi kupokea wito? Umewahi kusimama mbele ya hakimu kwa deni hili? Kama hapana, huyo wa jaketi ni dalali wa jina tu. Jumatatu muulize swali moja: shauri namba ngapi, mahakama ipi? Kisha nyamaza umwache ajibu.

Fomu ya dhamana usiipuuze, ni mkataba na watakuja nayo mahakamani. Ila haiwapi ruhusa ya kuvunja mlango wala kuingia chumbani bila ridhaa yako.

Na hata mambo yakifika mahakamani, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inataja vitu visivyokamatwa kukazia hukumu: nguo za mdaiwa na familia yake, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana za fundi. Cherehani yako ndiyo jembe lako, utamwambia hakimu hivyo. TV na makochi sikudanganyi, hayo yanabebeka.

Kesho asubuhi nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au mtendaji ukimkuta. Mweleze yote, umwombe Jumatatu awepo. Wakikutishia lokapu, kushindwa kulipa mkopo ni madai, si jinai.

Bi Mkubwa Chumbageni

Shoga, usihamishe vitu. Mimi mwaka juzi nilificha friji kwa jirani, mchana kweupe naona watoto wake wanauza barafu na lambalamba. Kwenda kuidai akaniambia "subiri mambo yako yapoe kwanza." Ilikaa miezi minne. Nilimaliza deni la mkopo nikabaki na deni la friji yangu mwenyewe.

Isitoshe wakikuta nyumba tupu wataandika umekimbiza dhamana, na hapo hata mwenyekiti atakuona tapeli.

Halafu mumeo mwambie. Atasikia tu, na atakayempelekea habari hataipeleka kama ilivyo.

Niliacha Kazi Hiyo

Nimekuwa afisa mikopo miaka mitatu, sina cha kujisifia. Ijumaa jioni huchaguliwa kwa makusudi: ofisi za serikali zimefungwa, una siku mbili za kuhangaika na kukopa kwingine. "Dalali" wetu alikuwa bodaboda wa kijiweni, tunampa 10,000 na jaketi. Mteja akilipa Jumapili usiku, kazi imekwisha. Akisimama na mtendaji, tunapiga simu kwa meneja kuomba maelekezo. Na yule afisa naye usimwone simba, marejesho yasipokuja mshahara wake ndio unakatwa.

Dada, piga hesabu na mimi. Umepewa 800,000 unarudisha 1,000,000 kwa wiki 20. Hiyo 200,000 ni asilimia 25 ndani ya miezi minne na nusu, zaidi ya asilimia 5 kwa mwezi, na bado hujaweka hela za fomu ulizokatwa siku ya kwanza. Kikomo cha Benki Kuu (BoT) kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana za wateja, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawataka wawe na leseni, na orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya BoT. Angalia kama wamo.

Jumatatu omba vitu viwili kwa maandishi: nakala ya mkataba, na mchanganuo wa deni unaoonyesha faini imetoka kifungu kipi. Kisha taja kiasi unachoweza. Usitaje 50,000 kwa aibu, ukivunja ahadi hiyo umekwisha.

Fundi wa Kihonda

Nimerudi. Leo Jumanne.

Jumamosi nilikwenda kwa mwenyekiti. Kumbe mimi ni wa tatu mwezi huu kutoka mtaa huo huo, na mmoja wao ni yule aliyekuwa anafagia kwa bidii kuliko wote.

Jana wamekuja saa nne asubuhi na kirikuu kweli. Mwenyekiti kakaa kibarazani na kahawa yake. Nikauliza kama Mzee Karani alivyonielekeza: shauri namba ngapi? Wa jaketi akamtazama afisa, afisa akatazama simu. Mwenyekiti akaomba kuona amri ya mahakama, akaonyeshwa fomu yangu ya dhamana. Akaisoma taratibu mpaka mwisho, akairudisha, akasema, "Hii nimeiona. Sasa nipeni ya mahakama." Kirikuu kikageuza kitupu. Dereva ndiye aliyekasirika, alidai hela ya mafuta palepale.

Afisa akabaki peke yake. Bila wale vijana ni mtoto mpole tu, nilimpa maji. Tumeandikiana mbele ya mwenyekiti: 30,000 kila Alhamisi, wiki 15, kwa ile 450,000. Faini kasema ni ya meneja, nimeandika barua kuomba mchanganuo, nakala moja imegongwa muhuri wa kupokelewa. Orodha ya BoT nimeitafuta, jina lao sijaliona, barua nyingine naiandaa.

Mume nilimpigia Jumamosi usiku. Kimya kirefu, nikadhani salio limekwisha. Akasema alijua tangu mwezi wa nane, vijana wa kijiweni walimwambia wananiona kila Alhamisi kwenye foleni ya marejesho. Alikuwa anasubiri nimwambie. Sikuwa na la kusema, nikamuuliza mguu unaendeleaje.

Bi Mkubwa, friji ipo. Mwenye mtoto anayeanza shule Januari, sare nashona, aniandikie faragha. Nahitaji wanne kila wiki ili Alhamisi inikute salama.