Bibi wa miaka 80 ananiita bata: Kiingereza cha huku mbona hatukufundishwa?

Mgeni wa Derby
Wakuu habarini. Nina miezi minne hapa Derby, Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Kiingereza nimesoma toka darasa la tatu ila huku naona kama nilifundishwa lugha nyingine. Kila nikiingia zamu mwenzangu ananiuliza "you alright?" na mimi wiki ya kwanza nilikuwa nasimama namweleza, sijui kichwa kinauma, usingizi sijapata, mama nyumbani presha imepanda, kugeuka jamaa kashafika mlangoni. Nikahisi labda naonekana mgonjwa. Halafu kuna bibi ananiita "duck". Bata! Mimi na ndevu zangu. Juzi nikaalikwa "for tea", nikala ugali wangu nikashiba nikaenda kunywa chai, nakuta meza imejaa nyama na viazi. Nisaidieni jamani.

Mzee wa Midlands
Hahaha pole sana bata wetu. Hiyo "you alright" ni mambo tu, si ukiulizwa mambo unajibu poa hata kama nyumba inaungua? Sema "yeah, you?" halafu pitiliza. Na bibi usimkasirikie, kuanzia Derby, Nottingham mpaka Stoke "duck" ni kama mpenzi au mwanangu, hata dume kwa dume wanaitana. Newcastle utaitwa "pet". "Tea" kwa wengi wa huko na kaskazini ni chakula cha jioni, siku nyingine nenda na njaa.

Kaka London
Afadhali yako. Huku East End wazee wao walikuwa wanaficha neno kwa vina, kama vya shairi: "look" wakaipatia "butcher's hook", ile ndoano ya bucha, halafu hook wakaitupa, ikabaki "have a butcher's". Yani mtu anakwambia tazama we unatafuta nyama. Vijana ndo wako kivyao, "wagwan", yani "vipi", wameitoa kwa Wajamaika. Hela usiseme, quid ni pauni, tenner pauni 10, monkey eti ni 500.

Binti Tanga
Misimu utaizoea, mimi kilichoniponza ni adabu zao. Bosi aliniambia "you might want to redo this", nikaona basi ni hiari yangu, nikaacha, jioni nikaitwa ofisini. Kumbe ilikuwa amri! Na akikwambia "not bad" furahi, umesifiwa hivyo. Ni kama kwetu mtu anavyokukaribisha chakula huku anaosha sufuria, mwenyeji anaelewa, mgeni anavuta kiti.

Mgeni wa Derby
Asanteni sana. Leo nimemwambia bibi "ay up me duck", yani mambo bata wangu, kacheka mpaka kashika meno ya bandia yasidondoke. Swali la mwisho, zamu ya kesho wameandika "half seven", ni 6:30 au?

Mzee wa Midlands
7:30 mkuu, saa moja na nusu ya kwetu. Lala.