Naomba ushauri: muwasho sehemu za siri kwa mama aliyekoma hedhi

Ndugu wanajamii, habari za majukumu. Naandika kwa niaba ya mama yangu mzazi, mkazi wa Newala mwenye miaka 61, ambaye kwa mwaka mzima sasa anasumbuliwa na muwasho mkali kwenye mashavu ya uke, hasa usiku. Hatokwi na uchafu wala harufu. Ngozi ya hapo imekuwa nyeupe na nyembamba, huchanika kirahisi, na akiketi muda mrefu kubangua korosho hupata maumivu ambayo kwa muda mrefu aliona haya kuyasema, hata kwangu.

Katika zahanati alitibiwa fangasi mara tatu, kwa klotrimazoli na kisha vidonge vya flukonazoli, bila nafuu. Nami nikaanza kulitilia shaka jina hilo la fangasi, kwa kuwa sukari yake ya damu, ambayo ikipanda huchochea fangasi, ni ya kawaida. Daktari wa mwisho alitaja laikeni sklerosasi, yaani ugonjwa wa ngozi unaoifanya iwe nyeupe na nyembamba, akashauri akatwe kipande kidogo cha ngozi kichunguzwe maabara, kwani ugonjwa huo, ingawa si saratani wala hauambukizi, kwa wachache huweza kufikia saratani. Mama amekataa, akisema kidonda kikishaguswa na kisu ndipo huharibika.

Naomba kuuliza mawili. Je, ni sahihi kuanza dawa kali ya kupaka ya steroidi (ya kutuliza uvimbe na muwasho) kabla ya majibu ya kipande hicho, au itaficha ugonjwa? Na kwa aliyewahi kukatwa, ganzi ilitosha, na kidonda kilipona baada ya siku ngapi?