Ukoo wa kubuni wa wafanyabiashara Mombasa, 1837: wakifukuzwa wangehamia wapi?

mwana_riwaya
Wakuu, naandika riwaya kuhusu ukoo wa kubuni wa wafanyabiashara Mombasa, washirika wa Wamazrui, ukoo unaotawala mji. Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, anapoutwaa mji mwaka 1837, ukoo unakimbilia Lamu, kisha unarudi na jeshi la "raia wao" Wagiriama. Inaingia akilini? Na mvutano wa madaraka ndani ya ukoo niuweke vipi?

kaskazi_na_kusi
Lamu haiwezekani kabisa. Vita vya Shela, mnamo 1812 hivi, Mombasa na Pate walipigwa na Walamu pale pale ufukweni, na Walamu wakaomba ulinzi wa Oman. Mshirika wa Mazrui akishuka Lamu mwaka 1837 amejipeleka mwenyewe kwa adui.

Tazama Wamazrui walivyofanya. Viongozi wao walikamatwa na kusafirishwa Bandar Abbas, Uajemi. Waliosalia wakagawanyika: wengine Takaungu kaskazini, wengine Gazi kusini, kila upande kama kilomita 50 kutoka Mombasa. Nyuma ya Takaungu wapo Wagiriama na Wakauma, nyuma ya Gazi wapo Wadigo. Walihamia kwa watu waliokuwa wakifanya nao biashara na kupigana nao bega kwa bega tangu zamani.

Neno "raia" lifute; hao walikuwa washirika. Wenyeji wa Mombasa walikuwa Thenashara Taifa (mataifa kumi na mawili), yaani Thelatha Taifa (Wakilindini, Wachangamwe, Watangana) na Tisa Taifa. Thelatha walifungamana zaidi na Wadigo na Waduruma. Tisa na Wagiriama na wenzao wa kaskazini. Wazee wa kaya (vijiji vyenye ngome vya majirani hao wa bara) wakija mjini, mwenyeji wao wa taifa husika anawalaza, anawalisha, anawapa nguo, na shauri lao analifikisha kwa liwali, yaani gavana wa mji. Pembe za ndovu, sandarusi (utomvu wa miti) na nafaka zao zinapitia kwake, na siku ya vita vijana wanakuja na mishale ya sumu. Wakivunjiwa heshima, nafaka haiji, na kisiwa hakijilishi. Kwa hiyo kila mara mkuu wa ukoo wako anapohitaji wapiganaji, mwonyeshe kwanza akikaa na wazee, akitoa nguo, akijibu malalamiko ya msimu uliopita. Wana haki ya kukataa, na mara nyingine wakatae.

frasila_mbili
Niongeze upande wa mali, maana hapo ndipo riwaya nyingi zinapojikwaa. Frasila ni ratili 35, karibu kilo 16, na mpagazi hubeba kama frasila 2. Nguo hupimwa kwa mkono: mikono 4 ni shuka, shuka 2 ni doti. Weka kaniki (nguo nyeusi ya pamba) na merikani (ya pamba kutoka Marekani).

Kalenda nayo usiichezee. Kaskazi, upepo wa msimu wa Desemba hadi Machi, inaleta vyombo vya Arabuni na Bara Hindi. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikianza Aprili vinarudi, na Juni na Julai bahari inachafuka. Pembe zikichelewa njiani kwa ukame au ugomvi wa hongo (ushuru wa kupita nchi ya watu), mali inalala ghalani hadi msimu ujao na deni liko pale pale. Deni la nani? La Banyani, mfanyabiashara wa Kihindi aliyewakopesha nguo na shanga kwa bei iliyopandishwa. Ukoo ukihama, mkopeshaji na forodha vinabaki Mombasa chini ya Sayyid Said. Kwangu mimi huo ndio moyo wa riwaya yako: wamepoteza mji, na bila mkopo hawawezi kununua hata pembe moja.

Wamazrui wa Takaungu walijishika kwa kilimo cha mtama na biashara ya nafaka, na mashamba yalilimwa na watumwa. Tafadhali usilifiche hilo. Watumwa walitoroka na kujenga makazi yao bara, kama Fuladoyo iliyokuja baadaye, na jirani anayempokea mtoro anakuwa mgogoro mpya kwa ukoo.

mwana_riwaya
Nimeelewa, Lamu naifuta. Ndoa na urithi je?

kaskazi_na_kusi
Binti wa ukoo haolewi ila na kufu wake. Mwanamume anaweza kuoa kwa majirani, na mtoto wa ndoa hiyo, mwenye wajomba kaya, ndiye wakala bora: anajua lugha zote mbili na anaaminiwa pande zote.

Uongozi haurithiwi moja kwa moja na mtoto wa kwanza. Ndugu, ami na binamu wote wana dai, na kila mmoja ana washirika wake nje ya ukoo. Ndiyo maana ugomvi wa nyumbani haubaki nyumbani. Mwaka 1895 Salim bin Khamis wa Takaungu alifariki, Waingereza wakamkubali Rashid bin Salim, mdai mwenzake akaasi. Mbaruk bin Rashid wa Gazi akaingia vitani, na Aprili 1896 akavuka na wafuasi wake kwenda upande wa Wajerumani. Kwa mwaka 1837, mpe kila mdai jirani wake na mkopeshaji wake, halafu waache wagombane juu ya nani aandike barua kwa Sayyid Said.