Naomba ushauri: kuwahamishia vifaranga banda la nje msimu huu wa kusi

Ndugu wafugaji, asalamu aleikum. Ninafuga kuku wa kienyeji hapa Malindi, na vifaranga wangu 40 wameingia wiki ya 5, chumba kimewabana hata wameanza kudonoana mikia. Banda la nje lina paa la makuti na maranda sakafuni, ila kuta zake ni za wavu, na upande wa bahari hupokea upepo pamoja na manyunyu ya usiku.

Migongo imeota manyoya, lakini ukimgeuza kifaranga utaona kifua na chini ya mabawa bado ni malaika matupu. Joto nimelipunguza kila wiki, kuanzia nyuzi 33 hivi za wiki ya kwanza, na sasa taa huwashwa usiku tu. Mchana nikiwatoa hupekua mchanga vizuri. Jua likishatua na upepo ukivuma, hujikusanya kona moja wakalaliana, nami nachelea wa chini wasije wakakosa pumzi. Upande wa bahari nimeuziba kwa magunia na kuacha nafasi juu, kwa kuwa banda lililofungwa kabisa hujaa harufu ya kinyesi inayowasha macho, jambo ambalo naliona baya kuliko baridi yenyewe.

Je, nisubiri mpaka vifua viote manyoya, au niwahamishe sasa na kuwawekea taa kwa siku chache za mwanzo? Na badala ya magunia, ambayo hulowa, mnatumia nini kinachokinga upepo bila kuzuia hewa? Nitashukuru sana kusikia kutoka kwa waliolea vifaranga huku pwani miezi ya Juni na Julai.