Fundi wa kuchomelea nina ofa tatu za kujenga kambi (Iraq, Mogadishu, Urusi), ipi ina nafuu?

Welda_Tanga
Wakuu habari za jioni. Mimi fundi wa kuchomelea vyuma, nondo na zege pia nafanya. Nimepata michongo mitatu kwa mpigo naomba mnisaidie kulinganisha maana mke wangu hana raha na mimi mwenyewe usingizi hauji. Ya kwanza Iraq kwenye kambi ya Wamarekani, napitia ajenti wa Dubai, mwajiri ni subkontrakta. Ya pili Mogadishu pale Halane pembeni ya uwanja wa ndege, kampuni ya Nairobi inajenga mabweni na kuta za kinga. Ya tatu Urusi, wanasema "ujenzi wa kawaida", tiketi bure, mkataba unasaini ukishafika. Kwa mshahara Urusi inaongoza, Iraq inafuata, Mogadishu ya mwisho ila ni karibu na nyumbani. Mnasemaje?

Nyundo77
Kaka hiyo ya Urusi ifute kabla hatujaanza kulinganisha. Mkataba unaosainiwa ukishafika, kwa lugha usiyoisoma, tena nchi iliyo vitani, huo sio mkataba. Mwezi wa 11 mwaka 2025 serikali ya Kenya yenyewe ilisema Wakenya zaidi ya 200 wanadhaniwa wameingizwa kwenye vita upande wa Urusi, na wengi waliahidiwa kazi za kawaida tu. Na hata ukibaki kiwandani huko bado uko vitani, Alabuga, eneo la viwanda la Urusi wanakotengeneza droni, walichukua mabinti wa Kiafrika kwa tangazo la kazi na masomo, Aprili 2024 droni za Ukraine zikapiga mpaka hosteli ya wafanyakazi na watu wakaumia.

Iraq nimefanya. Kazi yenyewe unaiweza, ni kujaza udongo vizuizi vya Hesco (makapu makubwa ya waya na kitambaa), kusimamisha kuta za zege, kuunga kontena za kulala, jua kali na vumbi. Shida ni mnyororo. Juu kuna jeshi, chini yake kampuni kubwa, chini yake subkontrakta, chini yake ajenti, afu ndo wewe, na kila mmoja anakata chake. Ajenti wangu alinitoza hela ya kupata kazi na paspoti ikakaa ofisini kwake. Nimekuja kujua baadaye kwamba amri ya Rais Obama ya 2012 inakataza vyote viwili kwenye mikataba ya serikali ya Marekani. Kwaiyo ukiombwa hata shilingi, uliza jina la kampuni iliyo juu kabisa uwaandikie wao moja kwa moja.

BintiChangamwe
Mimi ntaongea kama dada wa mtu aliyekwenda. Msidanganyane na neno fundi, yaani eti fundi haguswi. 2004 madereva watatu Wakenya walitekwa Iraq pamoja na Wahindi na Mmisri mmoja, walikuwa wanaendesha malori ya kampuni ya Kuwait, wakaachiliwa mwezi wa tisa. Mwaka huohuo Wanepali 12 walioahidiwa kazi Jordan wakaishia kuuawa Iraq. Na si mbali, hapa kwetu Manda Bay, Lamu, tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab waliua mwanajeshi mmoja wa Marekani na makontrakta wawili. Wawili kati ya watatu ni raia! Kakangu Welda, mkeo ana haki ya kuogopa, mwambie kila kitu usimfiche.

MzeeWaRamani
Niongeze la zamani kidogo, maana swali la "raia anajengea jeshi, yeye ni nani" si jipya. Desemba 1941 Wajapani walipokivamia kisiwa cha Wake kwenye bahari ya Pasifiki kulikuwa na mafundi raia wa Kimarekani zaidi ya 1,100 wanajenga kambi ya ndege za jeshi la majini, wengi kuliko wanajeshi wenyewe. Kisiwa kikaanguka tarehe 23. Wengi walihamishwa, 98 wakabakizwa wajenge ngome za Wajapani, na Oktoba 1943 wakauawa wote. Mara tu baada ya kisiwa kuanguka, mwanzoni mwa 1942, jeshi la majini la Marekani likaunda kikosi chake cha mafundi wenye sare, Seabees, maana raia akishika bunduki kujitetea adui anaweza kumhesabu ni mpiganaji haramu. Lakini Vietnam wakarudia raia tena, muungano wa kampuni za ujenzi ulioitwa RMK-BRJ ulifikia wafanyakazi kama 51,000 mwaka 1966, wengi wao Wavietnam wenyewe.

Mkataba wa tatu wa Geneva unasema raia anayefuatana na jeshi akikamatwa ni mfungwa wa vita, na jeshi linatakiwa limpe kitambulisho. Ulizia hicho kitambulisho.

Nyundo77
Mzee nakuheshimu sana ila hiyo kadi al-Shabaab hawaisomi. Pale Halane hatari ni kombora la mota kutua usiku umelala, sio kukamatwa. Swali la kwanza liwe bima.

KaratasiKwanza
Nyundo kasema kweli, na hapo ndo ofa mbili zinaachana kabisa. Kazi kwenye kambi ya Marekani nje ya nchi yao ina sheria inaitwa Defense Base Act ya 1941, inamgusa mpaka mfanyakazi wa subkontrakta na mpaka asiye Mmarekani. Ukiumia unatibiwa, na ukiwa huwezi kazi unalipwa theluthi mbili ya wastani wa mshahara wako. Ukifa, mke na watoto wanalipwa. Wazazi wanafikiriwa tu kama hamna mke wala mtoto na ulikuwa unawasaidia, kwaiyo kama ndoa yenu haina cheti mkakate cheti kabla hujapanda ndege. Asiye raia wa Marekani wanaweza kumlipa mara moja nusu tu ya thamani ya malipo yake yaliyobaki, hilo lijue mapema. Mwajiri ajulishwe ndani ya siku 30 na dai lipelekwe ndani ya mwaka mmoja.

Mogadishu inategemea nani analipa. Kama ni hela ya jeshi la Marekani sheria ni ileile, kama ni ya Umoja wa Mataifa au serikali nyingine basi una bima ya kampuni tu, na bima nyingi za kawaida zinaruka madhara ya vita. Omba waraka wenyewe, sio maneno ya simuni.

Welda_Tanga
Asanteni sana wakuu. Urusi nimeshamkatalia. Ajenti wa Dubai nimemuuliza kampuni ya juu ni ipi, kajibu "utajua ukifika". Nairobi wamesema waraka wa bima wananitumia kesho, je nitafute nini ndani yake?

KaratasiKwanza
Nenda moja kwa moja kwenye vifungu vya yasiyolipwa. Ukiona vita, ugaidi au mlipuko vimetajwa pale, wadai nyongeza ya bima ya vita kwa maandishi yenye jina lako. Afu angalia nani analipa ndege ya mgonjwa kutoka Mogadishu mpaka Nairobi. Huyo wa Dubai asipotaja jina usimpe paspoti.

BintiChangamwe
Na nakala za vyote mwachie mkeo, na namba ya ofisi ya Nairobi, sio ya fomeni.